Siku moja ya mafungo ya kimya Nairobi: kuiandaa tangu mto wa kukalia hadi kengele ya mwisho

Mtu akivunja ukimya kwenye mafungo, mara nyingi si kwa utovu wa nidhamu. Anauliza choo kiko wapi. Anataka kujua kama mboga imetiwa siagi. Baridi imempiga na haoni blanketi. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwandalizi hufanyika wiki mbili tatu kabla ya kengele ya kwanza: kutafuta kila jambo litakalomfungua mtu kinywa na kulitatua kabla hajafika. Ukimya hauji kwa kubandika karatasi ya "Nyamaza" mlangoni.

Maelezo haya ni ya kikundi cha watu 12 hadi 20, wengi wao wakiwa wageni wa tafakuri, wanaotaka siku moja nzima kwa njia ya Wabuddha. Neno mafungo tumeliazima kwa Wakatoliki na linatutosha. Kozi za siku kumi kwa utaratibu wa mwalimu wa tafakuri S. N. Goenka, ambazo kengele hulia saa kumi alfajiri na watu hutafakari kama saa kumi kwa siku, zina walimu walioidhinishwa na kanuni zake. Msiziige nyumbani kwa kusoma ratiba yake tu. Siku moja iliyoandaliwa vizuri inawatosha wanaoanza, na inampa mwandalizi nafasi ya kukosea mambo madogo badala ya makubwa.

Mahali

Nairobi ina bahati ya nyumba za mafungo za mashirika ya Kikristo, hasa pande za Karen, Lang'ata na Limuru. Wenyeji wake wamezoea vikundi vilivyonyamaza, wana jikoni kubwa na bustani iliyozungushiwa ua. Mkiomba nafasi, semeni wazi kwamba ni tafakuri ya Kibuddha. Ibara ya 32 ya Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa dini na imani, lakini nyumba ni ya mwenyewe na heshima ni ya lazima. Ulizeni kama mnaweza kuweka sanamu ndogo ya Buddha na kuchoma udi. Wakikataa, wekeni maua kwenye jagi na mshumaa mmoja. Hakuna kinachopungua katika tafakuri. Msalaba au picha iliyo ukutani msiifunike wala msiihamishe.

Nendeni mkaikague nyumba siku ileile ya juma na saa zilezile mtakazokaa. Nyumba iliyotulia Jumanne yaweza kuwa na vipaza sauti vya ibada pande tatu ifikapo Jumapili saa nne, ndiyo maana Jumamosi huwa salama zaidi. Kaeni ukumbini dakika 40 na daftari, mwandike kila sauti. Muungurumo wa barabara hauna neno, maana akili huuzoea baada ya dakika chache. Sauti yenye maneno ndiyo inayosumbua: redio ya askari wa lango, mahubiri, kondakta anayeita abiria. Akili hufuata maneno hata usipotaka. Ulizeni pia jenereta iko wapi, kwa sababu stima ikipotea hiyo ndiyo itakayotafakari badala yenu.

Kwa watu 16 wanaokaa chini, ukumbi wa mita 5 kwa 7 unatosha, viti vikiwa nyuma. Paa la mabati bila dari ni shida wakati wa masika na vuli: mvua ikishuka hakuna atakayesikia kengele wala mwalimu. Na msidanganywe na jua la mchana. Limuru mwezi wa Julai baridi ya sakafu ya saruji hupanda kupitia mkeka hadi kiunoni, na mkeka peke yake hauizuii. Tandikeni kipande cha godoro cha unene wa sentimita 5, au blanketi lililokunjwa mara nne, chini ya kila mto. Wekeni blanketi za akiba mlangoni, palipo wazi, mtu achukue bila kuomba.

Tarehe nzuri ni Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu, kwa kuwa siku ya mwezi mpevu ni siku ya uposatha, ambayo Wabuddha wengi hushika miiko zaidi ya kawaida. Mwezi mpevu wa Mei ndio wa Vesak, sikukuu ya kuzaliwa, kuamka na kufa kwa Buddha, katika nchi nyingi za Theravada (tawi la Ubuddha la Sri Lanka, Thailand na Burma), siku ambayo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitambua mwaka 1999.

Mto wa kukalia

Hapa ndipo mafungo mengi huharibika, na kosa huonekana dakika ya kumi na tano tu. Mto wa kochi ni laini mno. Ukiukalia unabonyea, nyonga zinashuka chini ya magoti, mgongo unapinda kama upinde, na mtu anaanza kuhangaika. Sponji nyepesi hufanya vivyo hivyo. Sufi na pamba hukaa vizuri mwezi wa kwanza, kisha hugandamana.

Fundi wa nguo anaweza kuwashonea mto mzuri kwa kitambaa cha kaki. Akate duara mbili za kipenyo cha sentimita 36 na ukanda mmoja wa sentimita 107 kwa 18. Akiacha sentimita 1.5 za mshono kila upande, mto utatoka na kipenyo cha sentimita 33 na kimo cha 15. Pembeni aache mwanya wa sentimita 15 wenye zipu. Cha kujaza ni kumvi za mpunga, zinazopatikana kwa wenye vinu vya mchele wa Mwea. Zipepeteni vumbi litoke, zianikeni juani siku nzima, kisha mzitie kwanza kwenye mfuko wa ndani wa kitambaa kilichofumwa kwa kubana, kwa sababu kumvi zina ncha kali na hupenya kitambaa chembamba. Jazeni hadi mto ukatae kubonyea zaidi ya vidole viwili ukiusukuma kwa kiganja. Aliye mrefu ataongeza, aliye mfupi atapunguza. Kazi ya zipu ni hiyo.

Kipimo cha mkao ni kimoja: magoti yawe chini ya nyonga na yaguse sakafu. Yakining'inia, ongeza kimo cha mto au weka leso iliyokunjwa chini ya kila goti. Anayeshindwa bado, akae kwenye kiti. Kwa watu 20 andaeni viti visivyopungua sita, vyenye kalio bapa na visivyo na mikono, pamoja na vipande vya mbao vya kuwekea miguu wale ambao nyayo zao hazifiki chini. Wageni huona kiti kama aibu, hasa wazee waliokuja na watoto wao wakubwa. Dawa yake ni anayeongoza kukaa kwenye kiti kipindi cha kwanza. Baada ya hapo hakuna atakayevumilia goti bovu kwa kuona haya.

Mguu kufa ganzi si hatari. Ni neva iliyobanwa. Waambieni mapema wasisimame ghafla kengele ikilia, maana mguu usio na hisia hukunjika kifundoni na mtu akaanguka. Wanyooshe, wasubiri hisia zirudi, ndipo wasimame. Maumivu makali ndani ya goti ni jambo jingine: mguu utolewe hapohapo.

Kengele

Msitumie simu. Hata ikiwa katika hali ya ndegeni, kuna siku mtu atasahau na ujumbe wa M-Pesa utaingia katikati ya ukimya. Asiye na kengele ya bakuli anaweza kutengenezewa na fundi wa jua kali: kipande cha bomba la chuma cha sentimita 40, kilichotobolewa tundu sentimita 9 kutoka ncha moja, kikaning'inizwa kwa uzi. Tundu hilo lina sababu. Bomba likigongwa hutetemeka, lakini kuna sehemu mbili zisizotikisika, kila moja ikiwa karibu asilimia 22 ya urefu kutoka nchani. Ukifunga uzi hapo, sauti inadumu. Ukifunga nchani, uzi unaila. Gonga katikati kwa kijiti kilichovikwa kipande cha raba ya ndara.

Mara tatu mwanzoni mwa kipindi, mara moja mwishoni. Acha kila mlio ufe kabisa kabla ya kugonga tena. Katika desturi ya Plum Village, jumuiya ya mtawa wa Vietnam Thich Nhat Hanh iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1982, kengele huguswa kidogo kwanza ili wasikilizaji wajiandae, kisha hugongwa kwa sauti kamili. Ni desturi njema kwa wageni, kwani haimshtui mtu.

Ratiba

Vipindi vifupi mwanzoni, virefu baadaye. Kosa la kawaida ni kuanza na dakika 45 kwa kutaka ionekane kazi ni ya kweli. Ifikapo mchana nusu ya watu wamechoka na wengine wamechukia.

2:30 asubuhi: kufika, uji au chai, salamu
3:00: maelezo, miiko mitano, simu kuingia kapuni
3:30: kukaa dakika 20, kisha kutembea dakika 20
4:10: kukaa dakika 25, kisha kutembea dakika 20
5:00: chakula, kisha mapumziko
7:00 mchana: kutembea dakika 30, kukaa dakika 25
8:00: mafundisho, nusu saa
8:40: kukaa dakika 30
9:15: metta, kuwatakia wengine heri
9:30: kufungua ukimya kwa chai
10:15: kuondoka, kabla magari hayajajaa

Yale maelezo ya saa tatu ndiyo yanayobeba siku. Wapitisheni watu nyumba nzima kwa miguu: choo hiki hapa, maji haya hapa, blanketi hizi hapa, anayehisi vibaya amguse bega huyu hapa. Kisha lisemeni wazi jambo la salamu. Kwetu, kupishana na mzee bila kumsalimu ni kukosa adabu, na mtu aliyelelewa vizuri ataumia rohoni siku nzima akilazimishwa. Kubalianeni kwamba salamu zote zimetolewa asubuhi, na mkikutana mnaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa kidogo. Huo ndio "shikamoo" na "marahaba" wa siku hiyo.

Miiko mitano isomwe polepole na kila mtu aikubali kwa moyo wake: kutoua, kutochukua kisichotolewa, kutofanya uzinzi, kutosema uongo, kutotumia vileo. Asiye Mbuddha haombwi kubadili dini yake. Anashika miiko kwa siku moja, basi.

Maelekezo ya tafakuri yawe ya njia moja tu hadi jioni. Kuna wanaofuata pumzi puani. Kuna wanaofuata tumbo likipanda na kushuka, kama alivyofundisha mtawa Mahasi Sayadaw wa Burma. Zote mbili ni njema, ila kuchanganya humwacha mgeni njia panda. Chungeni pia kitenzi mnachotumia. Mkisema "vuta pumzi ndefu," watu watavuta kwa nguvu dakika ishirini na wengine watapata kizunguzungu. Semeni "tambua pumzi inayoingia, tambua inayotoka." Pumzi iachwe ijiendee; kazi ni kuijua. Akili ikitoroka, na itatoroka mara mia, mtu anatambua kwamba imetoroka kisha anairudisha bila kujikaripia.

Kutembea si mapumziko. Kila mtu achague njia yake ya hatua 15 hivi, aende na kurudi, macho yakitazama kama mita mbili mbele, moyo ukiwa kwenye unyayo unaoinuka, unaosogea, unaokanyaga. Mwisho wa njia asimame kidogo kabla ya kugeuka. Njia ikiwa ndefu sana, akili huanza kutalii. Ndiyo sababu Karura, pamoja na uzuri wake wote, haifai kwa kipindi hiki, na kundi lililopangwa huhitaji kuzungumza na wasimamizi wa msitu kwanza.

Jikoni

Chakula kisicho na nyama, chepesi, kinachojulikana. Hii si siku ya kuwaonjesha watu vyakula vigeni. Kwa watu 20: ndengu kavu kilo 1.6, mchele kilo 2.2, sukuma wiki kilo 3, karoti kilo moja na nusu, ndizi mbivu 25. Uji wa wimbi wa asubuhi ni gramu 600 za unga kwa lita 6 za maji. Ndengu zilowekwe usiku kucha na maji yale yamwagwe, la sivyo matumbo yatajaa upepo na ukumbi mzima utakosa raha. Githeri ni chakula kizuri lakini si cha siku hii. Kinalaza watu saa saba.

Nairobi maji huchemka yakiwa karibu nyuzi 94, si 100, kwa sababu ya mwinuko, na Limuru nyuzi hizo hushuka zaidi. Mpishi aliyetoka Mombasa hukamatwa hapo: nafaka zinazoiva saa moja pwani zitadai muda zaidi huku. Awashe mapema, na mtungi wa pili wa gesi uwe karibu. Kila sufuria iwe na karatasi mbele yake: jina la chakula, kama kina maziwa, karanga au pilipili. Wageni wa desturi ya Kichina waweza kujiepusha na vitunguu na vitunguu saumu, basi mboga moja ipikwe bila hivyo.

Mkimwalika mtawa wa Theravada, mambo yabadilike kidogo. Anaitwa Bhante. Hali chakula baada ya adhuhuri, na adhuhuri hapa ni ile ya jua kufika utosini. Saa zetu zimepangwa kwa nyuzi 45 za longitudo mashariki, ilhali Nairobi iko karibu nyuzi 36.8, kwa hiyo jua hufika utosini kama saa sita na nusu: mapema Novemba ni kama saa sita na dakika 17, katikati ya Februari kama saa sita na dakika 47. Watawa wengine hufuata jua, wengine hufuata saa sita kamili. Sahani yake ikiwa tayari saa tano, mmekuwa salama kwa wote. Chakula hutolewa mikononi mwake, hakiachwi mezani ajipakulie. Pesa hapewi mkononi. Mwanamke hampi mkono wa salamu, na hilo si dharau kwa yeyote. Asipopatikana Nairobi, aweza kutafutwa nchi jirani: hekalu la Dar es Salaam liliasisiwa na Wasinhala wa Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20, na Uganda Buddhist Centre ya Entebbe ilianzishwa na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, mwaka 2005.

Afya

Fomu ya kujiandikisha iulize maswali machache bila kuzunguka: dawa unazotumia, kifafa, kisukari, ujauzito, ugonjwa wa akili uliowahi kulazwa kwa ajili yake, msiba au kiwewe cha karibuni, na namba ya ndugu. Majibu yasomwe na mtu mmoja tu. Kuyatuma kwenye kundi la WhatsApp ni kumvunjia mtu heshima, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Mwenye kisukari anakula kwa saa zake hata ukumbi ukiwa kimya. Hakuna anayeacha dawa kwa ajili ya mafungo, na mwalimu anayeshauri hivyo asialikwe tena.

Ukimya mrefu waweza kumfufulia mtu mambo aliyoyafukia. Kulia kidogo si tatizo, mwacheni alie. Dalili za kuchukulia hatua ni kutetemeka kusikokoma, hofu inayozidi, kusema mambo yasiyoshikamana, kusikia sauti. Hapo tafakuri inakoma. Mtoeni nje, afumbue macho, akanyage nyasi peku, ashike kikombe cha chai ya moto, ataje vitu vitano anavyoviona. Ukimya kwake umefutwa. Zungumzeni naye kwa sauti ya kawaida. Asiachwe peke yake na asipandishwe bodaboda kwenda nyumbani. Ndugu apigiwe simu, na ikibidi, 999 au 112. Mtu wa kazi hii ateuliwe mapema na asiwe mwalimu, maana mwalimu hawezi kuondoka ukumbini.

Gharama

Mafundisho hayauzwi. Huo ni mwiko wa zamani na sisi tunaushika kwa nguvu zote. Nyumba na chakula vina bei, hivyo tangazeni jumla ya gharama waziwazi, na kila mtu atoe anachoweza; hiyo ndiyo dana. Namba ya M-Pesa ibandikwe karibu na mlango wa kutokea. Msisome majina na kiasi kama kwenye harambee. Aliyetoa shilingi hamsini akisikia jina lake baada ya aliyetoa elfu tano, hatarudi, na huenda yeye ndiye aliyetoa zaidi ya uwezo wake.

Kufungua ukimya

Msiwaachilie watu barabarani moja kwa moja kutoka kwenye ukimya. Masikio na macho huwa mepesi, na matatu yenye muziki mkubwa baada ya siku kama hiyo ni kama kupigwa kofi. Waanze wawili wawili, dakika tano kila mmoja akisema na mwenzake akisikiliza bila kumkatiza. Kisha chai kwa wote, ndipo kapu la simu lizungushwe. Simu zikirudi kabla ya chai, chai hunywewa kimya kwa sababu isiyo nzuri.

Wanaoendesha gari wakae robo saa zaidi. Mito ipigwepigwe na ianikwe kabla ya kurudi stoo, kwa kuwa kumvi zenye unyevu huota ukungu. Baada ya siku mbili mpigieni simu kila aliyeondoka mapema au aliyepata taabu, na daftari la sauti mliloandika siku ya ukaguzi liongezewe zile ambazo hamkuzitarajia.